Acheni kuwavalisha watoto sare za status safari ya Tabora–Kigoma!

Wakuu, hili linakera sasa. Kila likizo ya Juni ni yaleyale: gari limejaa, watoto wamepigwa fulana za bluu iliyoiva zenye jina la ukoo mgongoni, jinzi mpya na raba zilizokazwa kamba, baba na mama wote vichwa chini wanapandisha status za WhatsApp. Hizo nguo hazikuchaguliwa kwa ajili ya safari. Zimechaguliwa kwa ajili ya picha, na anayeumia ni mtoto.

Tuanze na hiyo bluu. Ukishaiacha Kaliua kuelekea Uvinza unapita kwenye misitu ya miombo, na huko kuna mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, gari likiwemo, na huvutwa na bluu na nyeusi. Ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Umemvalisha mwanao mtego, halafu unashusha kioo upige video ya daraja la Malagarasi! Fulana nyepesi haimzuii, anauma juu kwa juu. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, pamba nzito kidogo isiyobana mwili. Vioo juu, hasa gari likipunguza mwendo.

Jinzi nazo humkaba mtoto tumbo akikaa saa nyingi. Mwongezee katuni za simu kwenye kona, lazima atapike: macho yanaona kitu kilichotulia, sikio la ndani linahisi mwendo, mwili unachanganyikiwa. Mvalishe suruali ya lastiki, mnyang'anye simu, akae mahali anapoiona barabara ya mbele. Miguu huvimba kwa kukaa, kwa hiyo sendozi zenye mkanda wa nyuma zinatosha.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni zina baridi. Ziwa pale Kigoma liko kwenye mita 770 hivi, mtafika mnatokwa jasho. Valisheni nguo za kuvua mojamoja. Na tafadhali, sweta nene lisikae chini ya mkanda wa gari, linauacha umelegea. Funga mkanda kwanza ubane nyongani, kisha mfunike mtoto kwa khanga juu yake.

Sasa simu. Msituambie data lazima iwashwe kwa sababu ya pesa za simu. Menyu ya *150 inafanya kazi bila intaneti, na kupiga na meseji vilevile. Ramani pakueni usiku wa kabla ya safari, mkiwa bado mjini. Zimeni data. Mkono ukiwasha kwa hamu ya kupandisha status, ondoeni programu yenyewe. Akaunti haifutiki, programu mtaipakua tena mkirudi, ila hakikisheni mnaikumbuka nywila au PIN kama mliweka. Zimeni pia kamera isirekodi mahali picha ilipopigwa. Status ya "tumeshafika Uvinza" inawatangazia wote mliohifadhiana namba kwamba nyumbani hakuna mtu. Kuna haraka gani? Picha haziozi!

Na lile begi la nguo za kubadili, lenye seti moja kwa kila mtoto, taulo dogo na mifuko ya kutapikia, likae miguuni mwa mtu mzima. Mnalizika chini ya magunia kwenye buti, mtoto akichafuka mnaanza kushusha mizigo pembeni ya barabara, na mbung'o ndipo wanapowakuta.