Mrejesho: ukoka uliokauka pale tulipokuwa tunaegesha gari

Wapendwa, niliuliza mwezi wa tatu kwa nini ukoka wangu hapa Kimara unakufa na maji yanatuama, ingawa namwagilia. Mlinijibu kwamba udongo umeshindiliwa na gari, nitoboe.

Nilianza na nondo. Ikaingia kwa shida, na nikagundua inausukuma udongo pembeni tu, kuta za tundu zinazidi kubana. Aliyenishauri bomba, asante sana ndugu yangu! Fundi wa kuchomelea alinikatia bomba la chuma la nusu inchi, ncha mshazari. Jioni nilimwagilia, asubuhi nikatoboa kina cha sentimita 8 hivi, tundu hadi tundu shibiri moja. Kila mara linatoka na kipande cha udongo. Unakikung'uta kwa kijiti, unaendelea. Mikono iliuma siku mbili.

Kisha nikafagilia mboji iliyochekechwa ijaze matundu. Gari sasa linalala nje ya geti.

Wiki ya sita leo: mvua ya juzi ilinywewa yote, na ukoka unatambaa kutoka pembeni. Katikati bado pana kipara, nitapandikiza vipando kabla masika hayajaisha.