Mafundi wa kuchonga bloki Mtwara na Lindi, mnatuulia DT zetu

Wakuu salaam. Nimekuja na hasira na sitazipamba. Pikipiki za Yamaha DT125 za zamani, zile za mabwana shamba na za misheni, bado zipo huku Kusini na bado zinapanda makorongo ambayo boda mpya zinayakimbia. Haziuawi na uzee. Zinauliwa mezani kwa fundi.

Kosa mama ni kuchonga bloki, yaani kupanua silinda kwa mashine, kabla pistoni haijafika. Mteja anaacha bloki, fundi anauliza "ova saizi ngapi?", anajibiwa 0.25 (milimita za kuzidi standadi), anachonga hadi 56.25, kazi imeisha. Nani kakwambia pistoni itakayoshuka na basi kutoka Kariakoo ina kipimo hicho? Silinda ya standadi ni milimita 56 na pistoni yake huwa ndogo kidogo. Hizi kopi hata zikigongwa 0.25 kichwani, zinazidi au kupungua zitakavyo. Pistoni ishike mkononi kwanza, uipime kwa maikromita kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), kama milimita 10 juu ya ukingo wa chini, upande unaokatisha pini. Hapo ongeza 0.04 hivi, ndiyo saizi ya kuchonga. Ukibana kuliko hapo, itajam ikishapata moto. Ukiachia sana, inagonga kama kopo na ringi zinaisha upesi. Sasa mtu anadumbukiza pistoni kwa kidole, ikishuka anakwambia "inaingia, kaka". Kila pistoni inaingia kwenye tundu kubwa!

Wauza spea nanyi msijifiche. Mnatuuzia pistoni yoyote ya milimita 56 mkiapa ni ile ile. Ziwekeni mbili pamoja hapo kaunta, mpime kutoka katikati ya tundu la pini hadi kichwani. Ikizidi milimita moja, inaweza kugonga hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Ikipungua, madirisha ya silinda (matundu ya kupitisha gesi) yanafunguka mapema na kompresheni inashuka. Tena DT inapumua kwa ridi, vali ya vibapa kwenye njia ya kabureta, kwa hiyo sketi ya pistoni inatakiwa iwe na matundu upande wa kabureta. Isiyo nayo inaziba njia, na pikipiki haivuti hata ubadilishe kabureta tatu.

Turudi kwa fundi. Mashine ikishapita, kingo za madirisha zinabaki kali. Hii ni tu-stroki (injini ya mapigo mawili), ringi inapita juu ya madirisha hayo kila mzunguko na inachungulia nje kidogo. Kingo zisipolainishwa kwa tupa ndogo na msasa laini, ringi inanasa, inakatika, vipande vinapanda juu na kutafuna hedi na pistoni pamoja. Kazi ya dakika chache hairukwi. Kisha bloki ioshwe kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kipite ndani kitoke cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe la kuchongea. Ikikauka tu ipake oili. Kwa hewa ya chumvi ya Mikindani, silinda tupu ikilala bila oili asubuhi ina kutu.

Na ninyi mliozoea boda za foo-stroki: ringi za DT hazitawanywi midomo! Kila mfereji wa pistoni una kipini kidogo, na midomo ya ringi inakaa hapo hapo kwenye kipini. Ukiizungusha kama ulivyozoea, ringi inakalia kipini na inavunjika pale unaposhusha bloki. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, maandishi ya ringi yatazame juu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni pistoni mpya juu ya sili za kranki (mipira inayozuia hewa na oili kwenye shafti ya injini) zilizokufa. Pistoni ya kwanza ilitoboka kwa nini? Hakuna anayeuliza. Sili ya upande wa magneto ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mkavu, moto unapanda, pistoni inatoboka tena. Ya upande wa klachi ikivuja, oili ya giaboksi inaliwa na moshi mweupe haukati. Kupima si uchawi: ziba njia ya kabureta na ya ekzosi, jaza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, isizidi psi 6, subiri dakika tano. Geji ikishuka, paka povu la sabuni utaona inapotokea.

Sifongo ya chujio la hewa nayo mnaitupa eti inazuia mwendo. Kwa mchanga wa Tandahimba? Ioshwe, ikaushwe, ilowekwe oili, ikamuliwe, irudi.

Najua mtasema msimu wa korosho kazi zinajaa, minada ikilipa kila mtu analeta pikipiki siku moja. Sawa, mwambie mteja asubiri. Anayelipia uharaka wako ni yeye.

NYONGEZA, kwa aliyeuliza bushi za swingi-amu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) za kuchongesha: usikubali chuma tupu, kwa chumvi ya pwani kitashikana na ekseli yake hadi uje uikate kwa gesi. Agiza bronzi, mfereji wa grisi uchongwe kwa ndani, na ekseli ipelekwe pamoja na swingi-amu yenyewe, si bushi kuukuu ya mfano, maana hiyo imeshalika na fundi atakunakilia ulegevu ule ule. Bushi ikishagongwa inabana kidogo, hivyo kipimo cha mwisho cha tundu kifanyike ikiwa ndani tayari. Fundi akikataa kusubiri hatua hiyo, chukua vyuma vyako uondoke.