Naombeni ushauri: video yangu ya kesi ya JonBenét, niiachie au nisubiri?

Msimulizi_wa_Usiku
Wakuu, habari za muda huu. Nina chaneli ya YouTube, nasimulia kwa Kiswahili kesi za mauaji ambazo hazijapata ufumbuzi. Nimemaliza video ya JonBenét Ramsey, yule binti wa miaka 6 aliyekutwa ameuawa kwenye chumba cha chini ya nyumba yao, Boulder, Colorado, tarehe 26 Desemba 1996. Nimeisuka wiki tano, ina dakika 41. Sasa nimekwama. Niiachie yote kwa mpigo au niigawe mara mbili? Kuna na kajambo kadogo ka kisheria kananitia wasiwasi, ila si kakubwa. Usingizi umekata. Wajuvi wa mambo, karibuni.

Kandambili_Bluu
Igawe. Dakika 41 kwa mtu wa bando la siku ni nyingi. Sehemu ya kwanza ikomee saa 7 mchana, baba anapanda ngazi amembeba mtoto. Halafu angalia sauti. Usirekodie kwenye chumba cha vigae, tundika blanketi nene ukutani, na mdomo ukae shubiri moja kutoka kwenye maiki, pembeni kidogo, ili herufi P zisipige kishindo.

Bibi_Ufuta
Mtoto wa watu kalala miaka yote hii. Mama yake naye alishamfuata, Juni 2006, kwa saratani. Nyie bado mnafukua ili mpate watazamaji. Haya.

Dagaa_Mchele
Mimi kinachoniacha hoi ni ile barua ya kudai pesa. Kurasa mbili na nusu! Mtekaji kaingia, kachukua daftari la mwenye nyumba, kalamu ya mwenye nyumba, kaanza rasimu, kaona haijakaa sawa, kaanza upya. Kadai dola 118,000, na kaelekeza noti: 100,000 ziwe za mia mia, 18,000 za ishirini ishirini. Alichosahau ni kuomba risiti tu.

Wakili_wa_Kijiweni
Mleta mada, hako "kajambo kadogo" ndiyo mada yenyewe. Unamtaja nani?

Msimulizi_wa_Usiku
Mkuu, simtaji mtu moja kwa moja. Naweka ushahidi mezani, mtazamaji anaamua mwenyewe.

Wakili_wa_Kijiweni
Kichwa cha video kinasemaje? Kiandike hapa kama kilivyo.

Msimulizi_wa_Usiku
Sawa. "HATIMAYE: MUUAJI NI HUYU HAPA." Na picha ya jalada ni ya kaka wa marehemu, nimemzungushia duara jekundu. Lakini msinishukie kabla ya kunisikiliza. Sijatunga. Moja, jopo la raia lilipiga kura mwaka 1999 kwamba wazazi washtakiwe. Mbili, nanasi lilikutwa tumboni mwa mtoto, na bakuli la nanasi lililokuwa mezani lina alama za vidole vya kaka na za mama. Tatu, ile barua nimeilinganisha na mwandiko wa mama kwa programu ya akili mnemba, imetoa asilimia 87. Yaani mama alikuwa anamficha mwanawe. Na huko huko Marekani televisheni kubwa ilishamtaja, mimi nani nisiseme?

Wakili_wa_Kijiweni
Tuanzie kwa hiyo televisheni. CBS walirusha kipindi chao Septemba 2016. Desemba mwaka huo huo yule kaka wa marehemu akawashtaki, anadai dola milioni 750. Januari 2019 wakamalizana kwa makubaliano ambayo masharti yake ni siri. Kampuni yenye jeshi la mawakili ilikaa mezani na mtu ambaye wewe unamwekea duara jekundu.

Jopo la raia unalisoma nusu. Lilikaa miezi 13. Mwendesha mashtaka wa wilaya, Alex Hunter, alikataa kusaini, akasema ushahidi hautoshi kuthibitisha shtaka mahakamani. Mwaka 2013 mahakama iliruhusu kurasa 4 tu kati ya 18 zitoke. Zinasema wazazi walimwacha mtoto kwenye hali ya hatari, na kwamba walimsaidia mtu aliyetenda kosa. Mtu gani? Hazisemi. Hilo pengo ndilo watu wanalijaza kwa kichwa cha huyo kaka, ambaye siku ile alikuwa na miaka 9. Kwa sheria ya Colorado mtoto wa chini ya miaka 10 hashtakiwi kabisa, na ofisi ya mwendesha mashtaka ilitamka wazi mwaka 1999 kwamba si mtuhumiwa.

Sasa hapa kwetu Tanzania. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16. Kusambaza taarifa ukijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Neno zito pale ni "ukijua". Jana ungeweza kujitetea kwamba hukujua. Leo umeshaambiwa, na uzi unabaki.

Shoka_Butu
Hiyo 87 imetokaje? Uliipa programu miandiko ya watu wangapi?

Msimulizi_wa_Usiku
Barua na mwandiko wa mama. Picha zote nimezitoa mtandaoni, zinaonekana vizuri tu.

Shoka_Butu
Basi umeiuliza nani kaandika kati ya mtu mmoja.

Mwandiko hauchunguzwi hivyo. Mchunguzi anataka karatasi asili, maana kwenye karatasi anaona kalamu ilianzia wapi, ilinyanyuka wapi, mkono ulikandamiza kiasi gani. Picha ya mtandaoni imeshabanwa mara kadhaa, kingo za herufi zimelainishwa, hayo yote yamepotea. Pia unahitaji maandishi ya kulinganisha ya kipindi kile kile, ya aina ile ile ya kalamu, na yaliyoandikwa kabla mtu hajajua anachunguzwa. Kama huwezi hayo yote, angalau chukua miandiko ya wanawake hamsini wa rika lile waliosoma shule za kule, ipitishe yote kwenye programu yako, uone wangapi watapata zaidi ya 80. Utashangaa una wauaji wangapi.

Wataalamu sita walizichunguza zile kurasa zenyewe. Baba walimwondoa. Mama hawakuweza kumwondoa kabisa, lakini hakuna hata mmoja aliyemtambua kuwa ndiye mwandishi. "Hatukumwondoa" kwenye taaluma hiyo si "ni yeye".

Nanasi nalo: alama ya kidole haina tarehe. Alama za mama na kaka kwenye bakuli la nyumbani kwao zinathibitisha kwamba wanakaa pale.

Dagaa_Mchele
Na zile nyayo kwenye theluji? Si walisema hakukuwa na nyayo, kwa hiyo hakuna aliyetoka nje?

Shoka_Butu
Kama umeiweka hiyo, ikate. Ilivuma mwanzoni mwa 1997 na bado inazunguka. Theluji haikuwa imefunika eneo lote, kulikuwa na njia kavu za kufikia nyumba. Mtu akipita pakavu, nyayo atazitoa wapi?

Ila usigeuke ukaangukia upande wa pili ukasema ni jambazi kutoka nje. Watu wa upande huo hutegemea DNA ya mwanaume asiyejulikana iliyokutwa kwenye nguo ya ndani ya mtoto, iliyoingizwa kwenye kanzidata ya taifa ya DNA mwaka 2003. Mwaka 2008 mwendesha mashtaka wa wakati huo, Mary Lacy, aliwaandikia familia barua ya kuwasafisha kwa kuegemea vipimo vya aina hiyo. Lakini sampuli ni ndogo sana na imechanganyika, na mwaka 2016 wataalamu walioonyeshwa majibu na vyombo vya habari vya kule walitilia shaka kwamba inasema yote yale. Chembe kiasi hicho inaweza kuachwa na mikono iliyoshika nguo kabla haijavaliwa. Inafaa kumwondoa mtu, kama yule mwalimu aliyekamatwa Bangkok Agosti 2006 baada ya kujidai ndiye muuaji. DNA haikulingana, wakamfutia. Vyombo vya habari vilikuwa vimeshampa hatia kwa siku kumi na kitu.

Mjukuu_wa_Posta
Wanaosema "nasimulia tu" wakasome yaliyotokea Ufaransa. Oktoba 1984, mtoto wa miaka 4, Grégory Villemin, alikutwa mtoni Vologne amefungwa kamba. Kuna mtu asiyejulikana alikuwa akiisumbua familia kwa simu na barua kwa miaka, waandishi wakampa jina la Kunguru. Waandishi walijazana kile kijiji. Binamu wa baba, Bernard Laroche, akakamatwa, Februari 1985 akaachiwa, lakini magazeti hayakumwachia. Tarehe 29 Machi 1985 baba wa mtoto akampiga risasi, akafa. Miezi michache mbele lawama zikahamia kwa mama mzazi, na mwandishi mmoja mashuhuri wa riwaya akaandika gazetini kana kwamba anajua ni yeye. Mama alisafishwa na mahakama mwaka 1993. Baba akahukumiwa miaka 5. Kunguru hadi leo hajulikani.

Bibi_Ufuta
Mtoto mmoja, makaburi mawili.

Msimulizi_wa_Usiku
Nashukuru kwa elimu. Lakini tuseme ukweli, naongelea watu wa Marekani, kwa Kiswahili. Nani wa kule ataelewa? Na kichwa cha upole hakibonyezwi. Nimebakiza masaa 380 kufika 4,000 ili nianze kulipwa. Nimepiga hesabu, mtu akiangalia wastani wa dakika 12 nahitaji watu 1,900 tu. Hii ndiyo video ya kunivusha.

Kandambili_Bluu
Hesabu ni sahihi, ila umeruka kitu. Video ikiondolewa, masaa yake hayahesabiwi tena. Kwa unyanyasaji wa mtu halisi unaanza na onyo. Baada ya hapo adhabu tatu ndani ya siku 90 na chaneli inafutwa yote, pamoja na hayo masaa 3,620. Lugha nayo haikufichi, manukuu yanaweza kutafsiriwa.

Kisa kizuri unacho bila kumtaja mtu. Anza na simu ya polisi, saa 12 kasoro dakika 8 asubuhi. Nyumba haikufungwa, kilichozuiwa ni chumba cha mtoto tu. Marafiki wa familia wakaja, wakakaa, wakapita huku na huku. Saa 7 mchana polisi mmoja anamwambia baba azungukie nyumba na rafiki yake, na baba ndiye anayeukuta mwili, anaubeba hadi juu. Ushahidi umevurugwa ndani ya masaa saba. Hapo una dakika 20 ambazo hakuna wa kukushtaki.

Jicho_la_Tatu
Mnajichosha. Hii ni chai. Akaunti imefunguliwa Jumatatu, uzi ni huu mmoja. Nimekitafuta hicho kichwa YouTube, hakuna kitu. Mtu anayeogopa sheria hawezi kuandika kichwa cha kumponza kwa herufi kubwa mbele ya watu. Mara wiki tano, mara 87, mara masaa 380, kila akibanwa anatoa namba mpya. Anatafuta kiki, au anakusanya majibu ya Shoka_Butu akayasome kwenye video kama yake.

Dagaa_Mchele
Duh. Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Msimulizi_wa_Usiku
Sio chai. Video ipo. Niliipakia Jumapili, nimeipanga itoke Ijumaa saa 2 usiku.

Wakili_wa_Kijiweni
Ulikuja hapa kuuliza uiachie au usubiri.

Msimulizi_wa_Usiku
Haijatoka mkuu. Imepangwa tu.

Kandambili_Bluu
Umeipanga kawaida, au umeweka lile onyesho la pamoja lenye saa inayohesabu kurudi nyuma?

Msimulizi_wa_Usiku
Hilo la kuhesabu. Linavuta watu mapema.

Kandambili_Bluu
Basi imeshatoka. Ukipanga kawaida, video inakaa ya faragha mpaka saa ifike. Ukiweka onyesho la pamoja, ukurasa wake unafunguka hapo hapo, kichwa na picha vinaonekana kwa kila mtu, na watu wanaweza kuandikiana pale wakisubiri. Duara lako jekundu liko hadharani tangu Jumapili.

Fungua YouTube Studio kwenye simu, gusa Maudhui, gusa hiyo video, gusa kalamu, nenda Mwonekano, weka Faragha, hifadhi. Usianze na kichwa. Anza na Mwonekano.

Jicho_la_Tatu
Nimeipata. Nilikuwa nimekosea neno. Watu 212 wanasubiri. Wa kwanza kuandika ameuliza huyo kaka sasa hivi anaishi mji gani. Kuna aliyemjibu.

Na bado nasema uzi huu ni tangazo. Sote tumetumwa kuitafuta.

Wakili_wa_Kijiweni
Mleta mada, faragha. Sasa hivi.

Msimulizi_wa_Usiku
Nimebadilisha kichwa. Sasa ni "KESI YA JONBENÉT: MASAA SABA YALIYOHARIBU USHAHIDI". Nimemwondoa kabisa. Ijumaa naomba mniache itoke, sehemu inayomtaja naikata leo usiku.

Jicho_la_Tatu
Kichwa nimekiona. Picha ni ile ile.

Msimulizi_wa_Usiku
Picha inachukua muda kubadilika mkuu.

Kandambili_Bluu
Haichukui muda huo. Na hata ukiibadilisha, aliyeshatuma kiungo WhatsApp ametuma na picha ya zamani, inabaki kwenye simu za watu.

Dagaa_Mchele
Imeingia kundi letu dakika hii. Mtoto wa miaka 9 na duara lake, chini yake mtu ameandika "hatimaye".