Mama amenyimwa viza mara ya pili: mapitio ya mahakama yameturudisha kwenye mlango uleule

Wakuu, heshima kwenu. Nilinyamaza tangu mwaka jana kwa kuwa shauri lilikuwa mahakamani, lakini baada ya barua ya juzi sioni sababu ya kuendelea kunyamaza.

Mama yangu, mkulima wa machungwa wa Muheza mwenye umri wa miaka 68, aliomba viza ya kuja Uingereza kwa wiki sita kumwona mjukuu wake mchanga. Alinyimwa. Afisa aliandika kwamba shilingi 3,850,000 zilizoingia katika akaunti yake kwa mkupuo hazikuelezwa zilikotoka, ilhali ukurasa wa 14 hadi wa 17 wa vielelezo vyetu zilikuwapo stakabadhi za mnunuzi wa machungwa, zenye tarehe ileile ya benki, pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri. Nilizipiga picha mwenyewe juu ya meza ya mama, na pembeni ya mojawapo inaonekana duara la kikombe cha chai.

Zamani tungekata rufaa. Haki hiyo kwa wanaotembelea ndugu zao ilifutwa tarehe 25 Juni 2013, kwa hoja ya serikali kwamba kuomba upya ni haraka na nafuu zaidi. Nafuu kwa nani, ikiwa ada hairudishwi na kila fomu inayofuata inakuuliza kama umewahi kunyimwa viza?

Tukaenda kwenye mapitio ya mahakama, na hapa ndipo penye uchungu wangu, maana wengi, mimi nikiwamo, hudhani mapitio ni rufaa kwa jina jingine. Katika rufaa jaji alisikiliza ushahidi, akamhoji mwenyeji, na aliweza kuutengua uamuzi wa afisa na kutoa wake. Katika mapitio haulizi kama mama anastahili kuja. Anauliza tu kama afisa alifuata sheria, alizingatia vielelezo na aliamua kwa mantiki. Hata ukishinda, kwa kawaida uamuzi hufutwa na faili hurudi kwa walewale waliokunyima.

Sisi hatukufika hata huko. Notisi yetu ya kabla ya shauri, yaani barua ya kuwataka wabadili uamuzi kabla hatujaenda mahakamani, ilijibiwa kwa aya mbili kwamba uamuzi unasimama, lakini tulipofungua shauri na wakili wa serikali akaziona stakabadhi, wakaomba tumalize kwa makubaliano: sisi tuondoe shauri, wao waupitie upya uamuzi wao. Wakili wetu alituonya kwamba tukikataa tunaweza kubebeshwa gharama. Tukasaini.

Majibu ndiyo hayo ya juzi. Stakabadhi sasa hazina neno. Sababu mpya ni kwamba mama hana mambo ya kutosha ya kumrudisha Tanzania, yeye mwenye shamba, watoto wanne na wajukuu tisa Muheza, ambaye hata akilala Tanga mjini usiku mmoja huamka akiulizia mbuzi wake. Kama sababu hiyo ilikuwapo, kwa nini haikuandikwa mara ya kwanza, na faili ni lilelile?

Miezi mitatu ya kwenda mahakamani imeanza kuhesabiwa tena. Aliyewahi kurudi huko mara ya pili, kwa sababu mpya iliyozushwa juu ya vielelezo vilevile, naomba anieleze: safari hiyo aliyakataa makubaliano, na gharama zilimwangukia nani?