Paka mchanga wa wiki 8: punje za dukani, dagaa au nyama ya kuchemsha?

Tandika77
Habari zenu wakuu. Kuna paka mchanga, jike, umri kama wiki 8, gramu 720 kwenye mizani ya jikoni. Alikotoka alikuwa anapewa maziwa ya ng'ombe na ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa. Sasa anaharisha na tumbo limejaa, ila anacheza na anakula. Duka la karibu hapa Dar lina chakula kikavu cha kupima kutoka kwenye gunia lililo wazi, pakiti zilizofungwa ambazo bei yake imechangamka, na vikopo vya jodari vya paka. Nichukue kipi, kiasi gani kwa siku, na dagaa na nyama viendelee au viachwe kabisa?

Nyau_wa_Ngambo
Maziwa yaache leo hii. Paka akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kuvunja sukari ya maziwa unashuka. Sukari hiyo inateremka mpaka utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji na kuchacha, na matokeo ndiyo hayo unayofagia. Ya mbuzi nayo ni yale yale. Mpe maji safi kwenye bakuli pana, mbali kidogo na chakula.

Chukua pakiti iliyofungwa. Picha ya mbele isikushughulishe, geuza nyuma usome maandishi madogo. Lazima paandikwe "Kitten" au "Growth", au "All life stages" ikiwa ni ya rika zote, na pawe na neno "Complete". Vikopo vingi vya jodari vimeandikwa "Complementary", maana yake ni kitoweo cha kuongezea, hakijitoshelezi. Paka akilelewa kwa hivyo peke yake atanenepa vizuri tu huku mifupa inaharibika.

Cha gunia lililo wazi kina kasoro mbili. Mafuta yake yanachacha kwa joto na hewa, na vitamini zinapungua pamoja nayo. Halafu hujui tarehe ya mwisho, wala hujui kama ni cha paka mkubwa au cha mbwa. Cha mbwa usimpe hata kikiwa rahisi, kwa sababu mbwa hujitengenezea taurini (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama) mwilini na paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, kwa hiyo mwenye kiwanda cha chakula cha mbwa halazimiki kuiweka. Upungufu wake huua macho taratibu na kutanua moyo. Uhusiano huo na moyo ulithibitishwa Marekani mwaka 1987, na viwanda vikaongeza taurini kwenye chakula cha paka.

Kiasi: paka wa umri huo anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa gramu 720 ni kama 145 hadi 180. Punje nyingi zina karibu kilokalori 400 kwa gramu 100 (pakiti itakuambia), kwa hiyo ni gramu 36 hadi 45 kwa siku nzima. Anza na 40, gawa mara nne, gramu 10 kila mlo. Pima kwa mizani, maana vijiko vya nyumba mbili havifanani. Akifika miezi 4 mpe mara tatu, na baada ya miezi 6 mara mbili.

Mizani_ya_Fundi
Naongezea kwenye kubadilisha. Usimhamishe kwa siku moja, hasa huyu ambaye tayari anaharisha. Siku 1 na 2 chakula kipya kiwe robo, siku 3 na 4 nusu, siku 5 na 6 robo tatu, siku ya 7 kipya kitupu. Kwa upande wa zamani, tumia kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa badala ya ule ugali. Ugali haumdhuru kama sumu, unajaza tu tumbo dogo lisilo na nafasi ya kupoteza.

Punje zilowekwe kwa maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha maji kwa viwili vya punje, dakika 10 mpaka zibonyee kwa kidole. Uvuguvugu ni muhimu, kwa kuwa paka hufuata harufu na chakula cha baridi hakinukii. Kilicholowekwa kisikae zaidi ya saa moja kwa joto la Dar, kimwage. Bakuli liwekwe juu ya sahani yenye maji kidogo, la sivyo sisimizi watakula kabla yake.

Hilo tumbo liangalie asubuhi kabla hajala. Likiwa bado duara kama ngoma huku uti wa mgongo unahesabika kwa vidole, fikiria minyoo. Ile ya mviringo hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata paka wa ndani anaweza kuipata akiwa bado ananyonya. Chakula kizuri juu ya minyoo ni kulisha minyoo. Nenda kwa daktari wa mifugo na uzito ulioandikwa, apewe dawa ya paka kwa uzito huo, na urudie kama atakavyoelekeza. Dawa ya mbuzi usikadirie matone.

Bi_Kikaango
Nyote mmeruka dagaa, na ndiyo wengi wetu tunayo. Dagaa si adui. Chakula cha pembeni kisizidi sehemu ya kumi ya kilokalori za siku, basi kwa huyu ni kama kilokalori 16, yaani gramu 5 za dagaa wakavu. Waweke dagaa hao kwenye mizani uone, ni wachache sana, hawajazi kiganja.

Namna ya kuwaandaa: waoshe maji matatu mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, walowe maji ya moto dakika 15 chumvi itoke, mwaga maji hayo, chemsha dakika 10, ponda pamoja na mifupa yake laini. Wenye ukungu au harufu kali tupa. Samaki wabichi usimpe kabisa. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyepungukiwa nayo shingo huinama mpaka kidevu kikagusa kifua. Kuchemsha huua kimeng'enya hicho.

Kuhusu nyama, kosa kubwa la mjini ni hili la "namlisha steki tupu, anapendeza". Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi karibu mara 20 ya kalsiamu, wakati paka anayekua anataka vilingane au kalsiamu izidi kidogo. Mwili unaenda kukopa kwenye mifupa. Dalili huja polepole: haruki tena kwenye kiti, analia ukimbeba, anachechemea, mwisho mfupa unavunjika bila kuanguka.

Ukilazimika kupika kwa siku chache, nusu kilo ya kuku pamoja na mioyo ya kuku (ina taurini nyingi), maji kidogo, bila chumvi, na supu uirudishe kwenye nyama maana taurini huyeyukia humo. Maganda ya yai yaliyooshwa na kukaushwa, yasagwe yawe unga kama wa ngano, nusu kijiko cha chai kwa hiyo nusu kilo. Maini kipande cha ukubwa wa ukucha tu, yakizidi vitamini A inakuwa sumu. Usiendelee hivyo zaidi ya wiki. Vitunguu maji na vitunguu saumu marufuku, hata mchuzi wake, kwa sababu vinapasua chembe nyekundu za damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inachanika kama vijiti.

Tandika77
Shukrani sana. Pakiti iliyopo imeandikwa "Adult", protini 26%, unyevu 10%. Kikopo kimoja kina protini 11%, unyevu 82%. Mbona kikopo kinaonekana dhaifu hivyo?

Mizani_ya_Fundi
Ondoa maji kwanza ndipo ulinganishe. Kikopo: 100 toa 82 inabaki 18, na 11 gawanya kwa 18 ni 61%. Pakiti: 26 gawanya kwa 90 ni kama 29%. Vigezo vya Marekani vinataka angalau 30% kwa paka anayekua, kwa hiyo pakiti hiyo haifiki, na neno "Adult" peke yake lilitosha kuirudisha rafuni. Muulize muuzaji ya "Kitten", hata ndogo. Gramu 400 zitamtosha huyu siku kama 10, hivyo hakuna haja ya mfuko mkubwa utakaochacha. Iache kwenye pakiti yake, uikunje, uitie ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Mpime kila Jumapili saa ile ile. Aongeze karibu gramu 100 kwa wiki. Wiki mbili bila kuongezeka, au siku nzima bila kula, au damu kwenye kinyesi, au kutapika pamoja na kuharisha huku amelegea, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Bi_Kikaango
Na hicho kikopo kama ni "Complementary", kijiko kimoja cha chai juu ya punje zilizolowa, siku anapodengua tu.