Shingo imekakamaa baada ya kutolewa tezi: mazoezi yaanze lini?

Swali
Habari za kazi wataalamu. Mama wa miaka 67 ametolewa tezi yote ya shingo (thairoidi), leo siku ya 6. Kidonda kikavu, homa hana, sauti iko sawa. Kinachomtesa ni kisogo: maumivu yanaanzia chini ya fuvu na kushuka hadi katikati ya mabega. Akiitwa anageuka mwili mzima. Pingili za shingo zilikuwa zimesagika tangu zamani. Ameambiwa "asisumbue shingo". Asisumbue mpaka lini?

Jibu la 1
Ushauri huo ndio unaomkakamaza. Kwenye meza ya upasuaji huwekwa mto chini ya mabega, kichwa kikalazwa nyuma ili tezi ijitokeze, na shingo hukaa hivyo saa nzima, mbili au zaidi. Pingili zilizosagika hubanwa kwa nyuma, misuli hujikaza kuzilinda. Akiamka anaogopa nyuzi zitafumuka, anashusha kidevu na kupandisha mabega, basi misuli haipumziki tena.

Kidonda kikiwa hivyo, na daktari aliyempasua akiridhia, aanze leo. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote sakafuni. Kwanza mabega: kupandisha, kushusha, kuzungusha kwa nyuma mara 10. Kisha ageuze uso kulia na kushoto, alaze sikio kuelekea bega (bega lisipande kulifuata sikio, wengi hukosea hapo), ashushe kidevu kifuani. Kila mkao ahesabu hadi 5, arudie mara 5, vipindi 3 kwa siku. Aishie anapohisi kuvutwa. Kutazama juu kuje mwisho, kidogo kidogo; akihisi kizunguzungu aache. Kuzungusha kichwa duara zima, hapana.

Jibu la 2
Naunga mkono. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ainywe nusu saa kabla ya mazoezi. Kitambaa cha uvuguvugu kisogoni dakika 10 hadi 15, ila mbele kamwe: ngozi ya karibu na mshono huwa na ganzi, ataungua bila kujua. Alalie mto mmoja unaojaza pengo la shingo. Na asipelekwe kwa wanaozungusha shingo kwa nguvu ili ialike. Mifupa ya umri huo haitaki mchezo.

Kovu likandwe baada ya wiki 3 hivi, gaga likishatoka lote. Mafuta kidogo, vidole viwili, sukuma ngozi juu na chini, kisha pembeni, dakika 5. Kupima kama limeshikana: weka kidole juu ya kovu, mwambie ameze mate. Likipanda pamoja na koo, bado lina kazi.

Muuliza
Asanteni wakuu. Tangu jana vidole vya mikono yote vinamchoma kama sindano. Ni hizo pingili?

Jibu la 1
Pingili kwa kawaida huchoma mkono mmoja, kwa mstari unaoshuka kutoka shingoni. Mikono yote miwili, hasa na midomo ikifa ganzi, mara nyingi ni kalsiamu iliyoshuka kwenye damu: zile tezi ndogo 4 nyuma ya thairoidi, zinazosimamia kalsiamu, huweza kuduwaa baada ya upasuaji. Mazoezi yasubiri, apimwe damu leo hii. Misuli ikianza kukaza yenyewe, au shingo ikavimba na pumzi kuwa nzito, ni dharura, msingoje kliniki.

Jibu la 2
Na kama alitolewa pia matezi ya limfu ya ubavuni mwa shingo, mwambie anyanyue mkono kwa pembeni. Ukigoma usawa wa bega, neva ya bega imeguswa, na hayo ni mazoezi mengine kabisa.