Siku ya nne bila kutafuna, na kazi yangu ni kupika

mamalishe_mwanjelwa

Hamjambo ndugu zangu. Naandika saa tano usiku, niko jikoni kwangu hapa Mbeya, nimevaa sweta na kujifunga khanga mbili juu yake, baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Leo nimemaliza siku ya nne ya chakula cha majimaji. Zimebaki siku kumi nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula huko Dar.

Nina miaka 43 na kilo 128. Presha ninayo, sukari ninayo. Kutoka kwenye banda langu hadi bombani ni hatua kama thelathini, na siku hizi napumzika katikati. Usiku nakoroma mpaka pumzi inakata, binti yangu ndiye anayekuja kunitikisa. Kwa hiyo sijakurupuka, nimelifikiria jambo hili miaka miwili.

Shida yangu ni kwamba mimi ni mama lishe. Saa kumi na moja alfajiri nawasha mkaa, saa moja watu wa supu na chapati wameshakaa, mchana nauza wali wa Kyela na maharage, ndizi za kupika na nyama, Jumatano makande. Kote huko chumvi naipima kwa ulimi wangu. Jana nimeonja mchuzi, nikaenda nyuma ya banda kuutema, nikajikuta nalia. Ule wali ukishapaliwa mkaa juu, ukiufunua, mvuke wake ukikupiga usoni na ile harufu yake, nawaambia ukweli, mikono yangu inalegea.

Hospitali walinipa karatasi ya maelekezo, yote kwa Kiingereza, na hakuna aliyekaa kunifafanulia. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, akaisoma akaniambia, "Mama, wiki mbili vinywaji tu." Nikajipangia: asubuhi uji wa ulezi na sukari vijiko vitatu, saa nne juisi ya parachichi, mchana supu au juisi ya embe, jioni uji tena. Lakini njaa haikatiki. Nakunywa kikombe kizima, nusu saa tumbo linanguruma. Kichwa kinagonga tangu juzi. Na jana mchana niliiruka ile juisi kwa sababu wateja walikuwa wengi, saa nane nikatoka jasho la ajabu, nikatetemeka, macho yakaingia giza. Nikakaa juu ya gunia la mkaa mpaka binti anayenisaidia akaja kunishika.

Waliopitia hii njia, mliwezaje? Na kuna mtu wa kunieleza, kama tumbo wanaenda kulikata, kwa nini walitese kwanza wiki mbili?

muuguzi_makambako

Pole sana mama yangu. Nianze na lile jasho, mengine yatasubiri. Unatumia dawa gani za sukari, na kipimo unacho nyumbani?

mamalishe_mwanjelwa

Metformini asubuhi na jioni, na kile kidonge kingine cha asubuhi, glibenklamidi. Kipimo ninacho, ila jana sikupima. Nimepima sasa hivi, 5.1.

muuguzi_makambako

Nilihisi hivyo. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, na haiulizi kama umekula. Ulipokuwa unakula wali na ndizi, kipimo kile cha dawa kilikutosha. Sasa umepunguza chakula ghafla na dawa imebaki ileile, ndiyo maana sukari ikaanguka. Kesho asubuhi, kabla hujakimeza hicho kidonge, mpigie daktari aliyekupangia upasuaji au nenda kliniki yako ya sukari hapo Mbeya, waambie uko kwenye chakula cha majimaji na jana ulitetemeka. Usiache dawa kwa uamuzi wako, na usiendelee nayo kimya kimya. Ulizia na za presha, hasa kama mojawapo ni ile ya kukojoza, maana nayo hubadilishwa mara nyingi kipindi hiki.

Na hili ulibandike ukutani pale jikoni, na binti anayekusaidia alijue: ukitetemeka, ukatoka jasho, ukachanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, unywe hapohapo. Pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini unarudia. Kipimo kikiwa mbali usikitafute, kunywa kwanza. Najua wagonjwa wengi wanaogopa kwamba wamevunja masharti. Hujavunja chochote. Mtu akizimia pale kwenye moto wa mkaa hakuna upasuaji tena.

dadawakihesa

Kamwene dada. Mimi niko Iringa, nilikatwa mwaka juzi, mfuko wangu sasa umebaki mwembamba kama ndizi. Nimekusoma nikajiona mwenyewe kabisa, isipokuwa mimi nashona nguo, sikuwa na sufuria mbele yangu kutwa. Wewe mtihani wako ni mkubwa zaidi.

Swali lako la kwa nini wiki mbili, nalijibu kwa kitu unachokijua. Wewe unapasua kuku kila siku. Ini la kuku wa kienyeji likoje? Jekundu la kukolea, limekaza, unalishika halikatiki. Na la kuku wa kisasa aliyenoneshwa? La njano njano, laini, ukilibonyeza kidogo linameguka mkononi. Sisi wenye uzito mkubwa na sukari, wengi wetu ini letu ni kama hilo la pili, lina mafuta na limevimba. Sasa sehemu ya kushoto ya ini imelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari anaingiza vyuma vyembamba kwenye matundu madogo, lazima aliinue ini aone pale anapokata. Likiwa zito na laini linaweza kuchanika na kuvuja damu, au likamziba kabisa, na hapo ama anakupasua tumbo lote ama anafunga unarudi nyumbani. Kwa hiyo tumbo haliteswi. Zile wiki mbili ni za ini.

Ndipo hapo mpango wako ulipokosea, na si kosa lako, ni la waliokupa karatasi bila maneno. Ini linaweka akiba ya wanga, na akiba hiyo inakaa na maji yake, kila gramu moja na maji kama gramu tatu. Ukiunyima mwili wanga na sukari, akiba inatumika, maji yanatoka, ini linaanza kusinyaa ndani ya siku chache, halafu na mafuta yake yanafuata. Lakini uji wa ulezi ni wanga. Sukari ni sukari, na embe hivyohivyo. Mdomoni ni vinywaji, ila ini linaona umekula. Na ndiyo sababu njaa haikuachi: sukari inapanda, inashuka, unataka tena. Mimi mwenyewe nilianza mwezi wa tatu, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, jirani akaniletea chupa akisema hiki nacho kinywaji. Nikamshukuru nikampa mume wangu. Ulanzi una sukari na kilevi juu yake. Togwa usiiguse pia.

Mimi walinipa maziwa. Lita mbili kwa siku, yaliyotolewa mafuta, nikigawa kwenye vikombe vinane, na zaidi ya hapo maji, chai ya rangi bila sukari na supu ya kuchuja. Lita mbili za maziwa zina protini kama gramu 65, ndiyo inayokulinda misuli isiyeyuke. Maziwa ya dukani yasiyo na mafuta ni ghali, nikachukua ya jirani mwenye ng'ombe. Nayachemsha jioni, nayaacha kwenye sufuria pana karibu na dirisha. Kwa baridi yetu ya huku hata friji huhitaji. Asubuhi utando umekaa juu mnene kama ngozi. Unapitisha ncha ya kijiko pembeni kuzunguka sufuria yote, polepole, halafu unaukunja kuelekea katikati, unatoka mzima kama chapati. Utando huo wape watoto. Supu nayo, chemsha mifupa, chuja, iache ilale, asubuhi mafuta yameganda juu, unayabandua. Kikombe kimoja chenye chumvi kidogo kilikuwa kinanitoa kichwa kuuma, kwa sababu mwili unamwaga maji na chumvi siku za mwanzo. Ila wewe una presha, chumvi muulize daktari.

Wengine hospitali zao huwapa unga wa protini, kila daktari ana utaratibu wake. Muombe akwambie kwa Kiswahili: kwa siku nywe nini, kiasi gani, kipi marufuku. Andika mwenyewe akiwa anaongea.

Siku ya tatu, ya nne, ya tano ndizo mbaya. Kuanzia ya sita nilishangaa, njaa ilitulia kama moto uliomwagiwa majivu. Mdomo utanuka, usiogope. Choo kitakuwa kigumu, ongeza maji, kikizidi omba dawa.

kijana_wa_tukuyu

Samahanini, mimi mke wangu anajiandaa na jambo hilihili. Parachichi si halina sukari? Huku Rungwe ndilo tunalo kila nyumba, mbona hamjamruhusu dada?

muuguzi_makambako

Wanga wake ni mdogo kweli, kaka. Lakini lina mafuta mengi, parachichi moja kubwa linafika kalori 300, na wagonjwa wengi wa maandalizi haya hupangiwa kati ya 800 na 1000 kwa siku nzima. Akinywa matatu kwenye juisi amemaliza siku, na protini hajapata. Baada ya upasuaji, akishapona, atalirudia kidogo kidogo.

mamalishe_mwanjelwa

Nimerudi, ni siku ya kumi na moja. Sikuweza kuandika mapema, tulikuwa na msiba Tukuyu.

Muuguzi, Mungu akuongezee. Nilipiga simu asubuhi ileile. Daktari alisimamisha glibenklamidi, metformini ameniachia, ya presha ameipunguza nusu, na ameniambia nipime mara nne kwa siku. Sijatetemeka tena. Nilimuomba anisomee ile karatasi kwa Kiswahili na akanisomea, dakika kumi na mbili, nikaandika nyuma ya daftari la madeni. Ilikuwa imeandikwa wazi kabisa, hakuna uji, hakuna juisi. Maziwa amekubali, na chumvi robo kijiko tu kwenye supu.

Dada wa Kihesa, ule utando! Mara ya kwanza ulinikatikia, mara ya pili umetoka mzima, nikaita watoto waje waone. Ulichosema kuhusu siku ya sita ni kweli, mimi ilikuwa ya saba. Niliamka nikawasha mkaa, nikakata vitunguu, nikaja kushtuka saa nne kwamba sijawaza chapati hata mara moja. Asubuhi hii mzani umesoma 122. Na jana nimefika bombani bila kupumzika, nimeiweka ndoo chini nikasimama pale tu.

Kuonja nimeacha. Mwiko nimemkabidhi binti anayenisaidia. Siku mbili za kwanza chakula kilikuwa na chumvi nyingi, mteja mmoja wa stendi akarudisha maharage. Nikamkalisha binti jioni, nikamwonyesha chumvi ya kiganja kwa sufuria ndogo, ya viganja viwili na nusu kwa ile kubwa, na kwamba maharage huyatii chumvi mpaka yaive. Vitu hivyo mama yangu alinifundisha na sikuwahi kumwambia mtu, nilikuwa nafanya tu. Sasa anaonja yeye, ananitazama, ananiambia "bado" au "imekaa".

Msibani ndiko kulikuwa kugumu. Ndugu wanakuletea sahani, ukikataa wanaona umewadharau au unaumwa ugonjwa wa siri. Nilikaa na chupa yangu ya maziwa, nikamwita shangazi pembeni nikamweleza habari za ini, kwa mfano uleule wa kuku. Alinyamaza, halafu akakaa pembeni yangu mpaka mwisho, kila sahani iliyokuja akaipokea yeye.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi napanda basi, daktari anataka nifike siku mbili kabla. Hofu yangu sasa ni safari. Kilomita zaidi ya 800, na kwa maji ninayokunywa nitahitaji kuchimba dawa kila saa.

muuguzi_makambako

Usiache kunywa kwa kuogopa hilo, mama. Kaa siti ya njia karibu na mlango, mwambie kondakta mapema kabisa kwamba unaenda hospitali. Kila basi linaposimama shuka utembee, hata kama huna haja, na ukiwa umekaa zungusha vifundo vya miguu. Kukaa saa nyingi na uzito wetu huu damu inaweza kuganda miguuni, na hutaki kuingia nayo chumba cha upasuaji. Kipimo na sukari yako ya dharura viwe kwenye pochi, sio kwenye begi la chini.

dadawakihesa

Dada, nitumie jina la basi na namba yake usiku huu. Mtapita Ipogolo kabla ya mchana kuchachamaa. Nitakuwa pale barabarani na chupa ya supu, nimeshaichuja, mafuta nimebandua, chumvi robo kijiko. Nitavaa kitenge cha njano. Wewe chungulia dirisha la upande wa kushoto, au mwambie kondakta anipokelee.

mamalishe_mwanjelwa

Nakutumia sasa hivi.